Mbegu Isiyongoja

Nyika ikishakwanguliwa na mifugo, mashoka na ukame, wanaotaka kuirudishia uhai huanza na idadi ya miche. Hufuata ramani, hufuata ua wa kuzuia mbuzi, kisha siku ya kupanda, viongozi waje kushika jembe. Mbegu huachiwa mwenye kitalu, naye huotesha ile aliyoipata. Nimekuja kuamini kwamba hapo, kwa mwenye kitalu ambaye hakuna anayemuuliza neno, ndipo sura ya nchi kavu inapoamuliwa. Sehemu kubwa za nyika za dunia zimevaa mimea ziliyo nayo leo kwa sababu mbegu yake ilikuwa rahisi kuokota, rahisi kuweka na rahisi kusafirisha. Mimea yenye mbegu ya kusumbua imeachwa nyuma, hata pale ambapo ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa nchi.

Kichaka kinachonijia akilini kila nikiwaza hivi ni yicib. Kwao ni Ogaden, mashariki mwa Ethiopia, na maeneo ya katikati ya Somalia, kwenye mchanga mwekundu ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haizidi milimita 400, na miaka mingine haifiki hata nusu yake. Porini hakipatikani kwingine kokote. Wanasayansi walikipa jina mwaka 1907, William Botting Hemsley wa bustani ya Kew alipokiandika kuwa Cordeauxia edulis kwa heshima ya Cordeaux, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Somaliland wakati huo. Wafugaji wa Kisomali walikuwa wamekijua na kukila kwa vizazi visivyohesabika kabla ya jina hilo. Jenasi yake haina mmea mwingine. Kikitoweka hiki, ukoo mzima umefungwa.

Ni kichaka cha mashina mengi yanayotoka chini pamoja, kimo chake cha mtu au kupita kidogo, na majani yake magumu hubaki mabichi mwaka mzima. Kiangazi kinapoacha kila kitu kikavu, ngamia na mbuzi hukimbilia hapo. Ukiligeuza jani upande wa chini utaona vidoa vidogo vyekundu. Rangi iliyomo humo ina nguvu ya ajabu: hushika mikononi, na mbuzi aliyelishwa majani hayo kwa muda mrefu meno yake na hata mifupa yake huingia wekundu. Tunda ni ganda fupi lenye ncha iliyopinda, ndani mna mbegu moja, pengine mbili au zaidi. Mbegu hiyo ni tamu. Huliwa mbichi, huchomwa, huchemshwa, na maji yaliyoichemsha hunywewa kwa utamu wake. Ina wanga, sukari, mafuta na protini kiasi cha asilimia 13, na ni chakula kinachoweza kumvusha mtu ng'ambo ya miezi mibaya. Mwaka 1979 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani iliiweka katika kitabu chake cha mikunde ya nchi za joto inayostahili kuangaliwa upya. Kabla ya hapo, mwaka 1966, Peter Bally, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi katika makumbusho ya Nairobi, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mahali ambapo kichaka hiki kilikuwa bado kinapatikana katika Pembe ya Afrika. Mwaka 1998 kiliingizwa katika orodha ya shirika la uhifadhi la IUCN ya mimea inayokabiliwa na hatari.

Sasa chukua gunia uende kukusanya mbegu zake za kupanda. Hapo ndipo utakapoujua ugumu.

Ugumu wa kwanza ni kwamba unakwenda kuchuma chakula cha watu. Kila mbegu unayotia guniani ni mbegu ambayo mtoto fulani hataila. Nchi ikiwa na shibe hilo ni jambo dogo, lakini yicib huthaminiwa hasa wakati ambapo hakuna kingine. Njaa inapouma, maganda huchumwa hata kabla hayajakomaa, kwa kuwa atakayeyangoja yakomae atakuta mwingine ameyatangulia. Mwaka ukipita hivyo, na wa pili, na wa tatu, vichaka vikongwe vinaendelea kusimama huku chini yake hakuna hata mche mmoja. Mpita njia ataona kichaka kizuri cha kijani na kusema hali ni njema. Wala hakuna wa kulaumiwa kwa kumlisha mwanawe. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mpango wowote wa kuhifadhi yicib unaoanza kwa kuwakataza watu kuichuma.

Ugumu wa pili ni wadudu. Mbegu yenye utamu kwa binadamu ina utamu kwa fukusi na kwa viwavi vya nondo pia, nao huingia mapema, pengine ganda likiwa bado kichakani. Watu wa huko wana dawa yake ya zamani: mbegu hupitishwa motoni. Moto huua mdudu na kulikausha ganda la nje, na mbegu huweza kukaa na kusafiri hadi sokoni. Kwa mlaji, hiyo ni akili kubwa. Kwa mpandaji ni msiba, maana moto haubagui mdudu na kiini. Anayenunua gunia sokoni akidhani amepata mbegu za kuanzisha kitalu, huenda amenunua gunia la chakula kilichokwisha kuiva.

Na ugumu wa tatu, ambao kwangu ndio mkubwa kuliko yote, ni muda. Mbegu mbichi ya yicib huota vizuri, haihitaji kulowekwa wala kukwaruzwa. Lakini uhai wake ni mfupi. Ikiwekwa ghalani miezi michache uwezo wake wa kuota unaporomoka. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu na huweza kungoja miaka, mpaka atokee mtu wa kuitia maji ya moto aiamshe. Yicib haingoji. Matunda yake hukomaa upesi mvua zikishaanza, mvua za Gu kuanzia Aprili na za Deyr kuanzia Oktoba. Anayeyataka ni lazima awe pale siku zile zile, akiwa amekubaliana na wenyeji mapema, vyombo tayari, na mahali pa kupandia pamekwisha kuandaliwa.

Nimeyaona haya kwa sura nyepesi zaidi upande wetu wa mpaka, nchini Kenya, kando ya Mto Tana, nilipokaa na akina mama waliokuwa wakikusanya mbegu za mgunga kwa ajili ya kitalu cha kijiji. Walitandika turubai chini ya mti, mmoja akavuta matawi kwa upembo na kuyatikisa, maganda yaliyojikunja yakaanguka kwa mchakacho. Kisha wakaketi kuyachambua moja moja. Ganda zuri lina uzito wake mkononi na mbegu zake hulia ukilitikisa. Ganda lililoingiwa lina tundu la duara, dogo sana, safi utadhani limetobolewa na sindano, na unga mwepesi hutoka ukilibonyeza. Hayo waliyasukuma kando. Mama mmoja mtu mzima alichukua mbegu zilizoonekana nzima, akazipasua chache kwa wembe juu ya kipande cha ubao. Iliyo hai hujaa ganda lake na nyama yake ni thabiti. Iliyokufa imesinyaa, au imegeuka kahawia, au ndani amelala mdudu ambaye bado hajatoka.

"Mama, haya yenye matundu mbona hamyatupi?" nilimuuliza.

"Ya mbuzi hayo. Mbuzi hajali fukusi," akanijibu bila kuinua macho. "Wewe, mwanangu, ukiyachukua utakwenda kupanda tundu."

Alisema kweli, na ukweli wake unahusu miradi mingi. Mbegu isiyoota haiandikwi katika ripoti. Kinachoandikwa ni kilo za mbegu zilizonunuliwa. Kilo moja ya matundu ina uzito kama kilo nyingine yoyote.

Kuanzia pale tulipokaa, ukitazama upande wa mtoni, kulikuwa na ukuta wa kijani wa mathenge. Ndilo jina ambalo Wakenya wengi wanauitia Prosopis juliflora, mti wa Amerika. Kuletwa kwake Kenya kunakoandikwa zaidi ni kwa mwaka 1973, mbegu kutoka Brazil na Hawaii zilipopandwa Bamburi, Mombasa, kufufua machimbo ya mawe. Miaka ya 1980 ilipoanza, ukapandwa Baringo na sehemu nyingine kame, kwa nia njema kabisa: kuni, kivuli, kuzuia mchanga. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali mjini Nairobi, wakaleta mahakamani mbuzi asiye na meno ili majaji waone kilichofanywa na maganda ya mti huo yenye sukari. Mwaka 2008 mti huo ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Haki lazima itendeke hata kwa mti. Mathenge umetoa mkaa, nguzo na lishe mahali ambapo hapakuwa na kitu, na zipo familia zinazoishi kwa kuutegemea. Ninachokiuliza ni kwa nini ulichaguliwa huo, ilhali nchi ilikuwa na migunga na misuaki yake. Nikiutazama nauona wepesi wa mbegu. Maganda ni mengi na matamu, mbegu ni ngumu na hukaa miaka, huagizwa kwa barua na kuja kwa meli. Ikishapandwa, mbuzi na ng'ombe wenyewe ndio wanaoibeba tumboni na kuipanda zaidi, pamoja na samadi yake. Tabia zile zile zilizompendeza mwenye kitalu ndizo zilizomshinda mfugaji. Msuaki, ambao Waswahili wengi wanausafishia meno, tunda lake ni dogo na la nyama. Nyama hiyo huzuia mbegu kuota mpaka ioshwe yote, na ndege hawakuachii mengi ya kuosha. Ni kazi ya mikono kwa malipo kidogo. Basi ukaachwa.

Hadithi hii si ya Afrika peke yake. Magharibi mwa Marekani, katika nyanda kavu za Nevada, Utah, Idaho na Oregon, kichaka mwenyeji ni sagebrush, chenye majani ya rangi ya jivu na harufu kali. Moto ukikipitia hakichipui tena shinani. Hurudi kwa mbegu tu. Nyasi iliyoingia kutoka Ulaya na Asia katika karne ya 19, ambayo hukauka mapema kiangazi na kuwa kuni ya bure, imefanya moto urudi mara nyingi kuliko kichaka kinavyoweza kuvumilia. Na kwa miongo mingi, nyanda zilizoungua au kulishwa kupita kiasi zilipandwa nyasi nyingine ya kigeni, yenye asili ya Urusi na Siberia, kwa kuwa mbegu yake ilikuwa nyingi, rahisi na yenye kuota. Mbegu ya sagebrush nayo hukomaa Novemba na Desemba, kwenye baridi. Ni ndogo kiasi kwamba kilo moja ina mamilioni. Hupigwapigwa kwa raketi za tenisi ianguke kwenye vyombo, ikiwa imechanganyika na makapi tele. Ikiwekwa kwenye ghala la kawaida, baada ya miaka michache haina faida. Aina zake nazo hutofautiana kwa mwinuko na udongo zinaoupenda, kiasi kwamba mbegu iliyochumwa mahali pasipofaa huweza kuota vizuri kisha kufa baridi ikija.

Waliyojifunza huko yamewekwa kwenye kanuni ambazo naona zinafaa kwetu pia. Mradi wao wa Seeds of Success, ulioanzishwa mwaka 2001 kwa ushirikiano na benki ya mbegu ya Kew, unataka mchumaji achume kutoka kwa mimea 50 au zaidi ya eneo moja, na asizidishe asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo. Aandike mahali, tarehe, udongo na mimea jirani. Kanuni ya mimea 50 huwakera wengi mwanzoni. Mchumaji akikuta kichaka kimoja kimezaa sana, kwa nini asijaze gunia hapo hapo aende zake? Kwa sababu atakuwa amebeba watoto wa mama mmoja. Msitu wa ndugu watupu ukipatwa na ugonjwa mmoja au ukame wa aina moja, huanguka wote pamoja. Vichaka vile vilivyozaa kidogo, vilivyojikunja upande wa upepo, huenda ndivyo vilivyobeba uvumilivu utakaohitajika miaka 30 ijayo. Na ile asilimia 80 inayobaki ni ya ndege, panya, ardhi na kichaka chenyewe.

Kwa yicib ningeongeza mlaji katika hesabu hiyo. Fungu la mpandaji litolewe baada ya la mlaji, na linunuliwe kwake kwa bei inayozidi ile ya sokoni, mbichi, kabla haijaonja moto. Wanaojua kichaka kipi huzaa mapema na kipi hutoa mbegu tamu ni wale wanaokila. Wao hutofautisha hata aina mbili, suley na moqley. Mtaalamu anayefika na gari mara moja kwa mwaka hawezi kuwa na macho hayo. Akiwalipa vizuri wenye macho, amepata mbegu, amepata walinzi wa vichaka, na hakumnyima mtu chakula.

Mbegu ikishapatikana, kazi haijaisha. Mche wa yicib hushusha mzizi chini sana kabla ya kujishughulisha na majani. Juu ya ardhi unaona kijiti kisichokua, na wapandaji wasio na subira hukata tamaa, kumbe chini mzizi unakwenda kutafuta unyevu. Ukiuotesha kwenye kiriba kifupi cha kawaida, mzizi unagonga chini na kujikunja, na mche wa namna hiyo ukihamishwa haufiki mbali. Ni lazima viriba viwe virefu, au mbegu ipandwe moja kwa moja pale pale itakapoishi, mvua zinapoanza, na kuzungushiwa miiba dhidi ya mbuzi. Kisha itachukua miaka kadhaa kabla ya tunda la kwanza. Majaribio ya kuipanda nje ya kwao yamewahi kufanywa hata Kenya, upande wa Voi, na kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba jambo hili haliwezekani. Ila Somalia, ambako ndiko kwenye vichaka vyenyewe, utafiti uliokuwa umeshika kasi miaka ya 1980 ulikatizwa na vita, na dola ilipoanguka mwaka 1991 hakukuwa tena na mtu wa kuuendeleza.

Wapo wanaoniambia kwamba benki za mbegu zitatuokoa. Naziheshimu sana. Ile ya Kew iliyofunguliwa mwaka 2000, na zetu za Kenya pale Muguga, zimeweka akiba ambayo wajukuu wetu wataishukuru. Lakini benki hufanya kazi yake bora kwa mbegu zinazokubali kukaushwa, kugandishwa na kungoja. Mbegu inayopoteza uhai upesi akiba yake ya kuaminika ni kichaka kilichosimama, chenye watu wanaokipita kila siku na wenye sababu ya kukitaka kiishi.

Naandika haya wakati Kenya inajihesabia miti. Desemba 2022 ilitangazwa nia ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na zaidi ya asilimia 80 ya nchi ni kame au nusu kame. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo, ikifanywa kwa kweli, itakuwa kwenye nchi ya vichaka. Hofu yangu ni ile ile ya Baringo: kwamba lengo kubwa likikutana na muda mfupi, litakimbilia mbegu rahisi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Zabuni hutangazwa, hufunguliwa, hukatiwa rufaa. Na wakati huo msuaki umekwisha kuzaa na kuliwa na ndege. Afadhali kaunti ya nchi kavu itangaze miche elfu chache ya wenyeji, ikiwa na kumbukumbu ya kila kichaka mama, kuliko milioni moja ya kitu ambacho mfugaji atakuja kukilipia. Fedha za wakusanyaji wa mbegu zitengwe kwanza na ziwe mikononi mwa vikundi vya vijiji kabla ya mvua. Vichaka vikongwe vya kila wadi viorodheshwe na kuachwa visikatwe.

Nawe msomaji, ukialikwa kupanda nyikani, kabla hujapokea mche muulize aliyeuleta mbegu yake ilichumwa wapi, lini, na kutoka vichaka vingapi. Akikosa jibu, mrudishie mche wake mpaka alipate.